Gari Lililoondoa Matanga

Jumatatu, 3 Juni

Keki mbili leo. Moja ya ubatizo Mangobo, nyingine ya ofisi mjini. Umeme ulikatika saa nne, jenereta haikuwa na mafuta, nikamalizia kwa makala, yaani mkaa. Zote zilifika salama, zimelazwa nyuma juu ya blanketi. Gari la Deo lina springi laini, linabembea tu.

Mchana akapita Yaya Anselme, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, Deo. Hakukaa. Alilizunguka gari mara mbili, akapiga tairi teke, akainama kutazama chini yake. Familia imeketi, akasema. Matanga ya Deo yataondolewa Jumamosi ya tarehe 29, na siku hiyo gari litapewa yeye, livuke mto kwenda kwake Lubunga. Litabeba makala na mihogo ya shamba lake.

Makala. Ndani ya gari langu la keki.

Alipoondoka nikafunga milango yote ya gari.

Jumatano, 5 Juni

Naandika nisije nikasahau. Siku Deo alipofariki, mwezi wa Februari, mimi nikiwa bado nalia mlangoni mwa mochari, Anselme aliingia akapekua mifuko ya suruali yake. Alitoka na ufunguo wa gari. Mimi nimebaki na ule wa akiba.

Hatukupata mtoto, mimi na Deo. Kwa hiyo kwao mimi ni mgeni aliyekaa miaka kumi na moja. Sheria iko upande wangu, najua. Lakini sina nguvu za kupelekana mahakamani na ukoo mzima. Nikiliuza gari au nikilificha kabla ya matanga kuondolewa, wataniita mwizi. Labda na mchawi juu yake.

Namchukia. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepata!

Nilipeleka keki ya ndoa. Gari la maharusi lilikuwa limeshushwa chini kabisa, jante (rimu) pana nyeusi, tairi nyembamba. Kwenye lango la ukumbi kuna kizingiti kidogo cha saruji. Tumbo likakwama pale. Bibi harusi akashuka, viatu mkononi, akaingia kwa miguu.

Nikaifikiria bac ya Lubunga, kivuko chenyewe. Lile bamba la chuma wanaloteremsha ufukweni ili magari yapande. Mwezi huu maji yanapungua, mteremko unakuwa mkali. Nikaifikiria na barabara ya shamba la Anselme, ng'ambo ya reli.

Sitauza. Sitaficha. Nitapamba.

Nilicheka peke yangu garini. Mara ya kwanza tangu Februari.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kwa Papa Rigo, fundi wetu wa siku zote. Alidhani natania.

"Mama Keki, barabara ya hapa unaijua. Ukishusha hii motokari, njia itakula tumbo yake kila siku. Donc, basi, unatafuta nini?"

Nikamwambia natafuta nafasi ya vidole viwili kati ya tairi na madigadi. Visizidi. Alinitazama sana, akauliza kama Anselme anajua. Nikasema hajui. Hakuuliza tena.

Anazo springi fupi na jante nne za gari lililopinduka njia ya Bafwasende. Tumepatana: atazifunga, nami nimpe jenereta yangu, niliyoinunua mwenyewe, pamoja na keki ya ndoa ya binti yake. Umeme ukikatika nitajua la kufanya.

Jumamosi, 15 Juni

Siku nzima gereji. Sikutoka.

Springi za zamani zilibanwa kwa vyuma vya skrubu, zikatolewa moja moja. Nilimuuliza Papa Rigo kwa nini asizikate tu kwa msumeno, kama wengine. Alikasirika. Springi iliyokatwa inaweza kuchomoka mahali pake gari likiwa mbioni, na yeye hataki maiti. Mimi pia sitaki. Nataka Anselme aaibike, sitaki afe. Nadhani.

Zikaingia springi fupi, ngumu, pamoja na amotisa zake, zile za kupunguza mtikiso. Zikafuata jante. Usukani ukikatwa mpaka mwisho, tairi la mbele lilikuwa linakwaruza madigadi, akakunja ukingo wa bati kwa nyundo na kipande cha mti. Kisha akavuta kamba kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, kila upande, akanyoosha magurudumu kwa jicho. Ana subira yule mzee.

Jeki zilipotolewa, gari lilikaa chini kama kuku anayeatamia. Zuri. Linaniuma kuandika hivyo, lakini ni zuri.

Jumanne, 18 Juni

Sikuzifikiria keki. Mjinga mimi!

Springi hizi hazibembei, zinapiga. Kabla sijafika rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, ghorofa ya tatu ya keki ilikuwa imekalia ya pili. Maua yote ya sukari yamevunjika. Mwenye sherehe alinitukana mbele ya wageni wake, na alikuwa na haki.

Naharibu kazi yangu ili niharibu safari ya mtu mwingine. Najua. Na springi sizirudishi. Kuanzia kesho nabeba kila ghorofa peke yake, nitaziunganisha hukohuko.

Jumamosi, 29 Juni

Matanga yameondolewa. Nimevua nguo nyeusi, nimevaa pagne mpya, kitenge cha kijani. Watu walijaa uani. Samaki, kwanga za muhogo, bia.

Anselme alipoliona gari, alisimama ghafla. "Ulifanya nini na motokari ya ndugu yangu?" Wazee wakanigeukia. Nilikuwa nimelitayarisha jibu wiki nzima. Nikasema sisi sote tumevaa upya leo, na gari la Deo nalo limevaa. Nalo limeondoa matanga. Wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakarudi kwenye bia zao.

Kisha kikatokea kitu ambacho sikukitarajia kabisa. Alilipenda. Akapapasa jante, akarudi nyuma atazame vizuri. "Eh! Iko chic." Wakampa hapohapo, mbele ya wote, akapiga honi.

Nimempambia adui yangu zawadi. Nilikwenda jikoni nikalia, wakadhani namlilia Deo.

Jumapili, 30 Juni

Nilimtangulia Anselme ufukweni kwa pikipiki. Nikasimama katikati ya wauza samaki, kitambaa nimekishusha hadi kwenye nyusi.

Alikuja na miwani ya jua. Kiti cha mbele alikaa Mama Mkwe, mama yao. Sikujua kwamba wanavuka pamoja.

Magurudumu ya mbele yakapanda bamba la chuma. Halafu tumbo likatua. Sauti ile! Tairi zikawa zinazunguka bure. Watu wakaanza: "Papa, shuka! Motokari yako imelala!" Nyuma yake malori yanapiga honi, pikipiki zinapenya pembeni, na yeye hashuki, aibu imembana kitini. Mama Mkwe naye hakushuka.

Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikajiogopa. Kisha nikamwona yule mama ameshika dashibodi kwa mikono miwili, furaha ikapungua. Haikuisha.

Wanaume kumi na wawili walilibeba mpaka kwenye bac likiwa na watu ndani. Bampa ilibaki kwenye mchanga.

Alhamisi, 11 Julai

Ujumbe wa Anselme kwenye simu: "Kuja kamata kitu yako." Nasikia bomba la moshi liling'oka pale relini, na tangu hapo gari halijabeba hata gunia moja la makala.

Nimejibu: "Lete wewe mwenyewe. Na ufunguo."

Jumapili, 14 Julai

Amelileta. Ndani alikuwa na mbao mbili nene za kupandia bac. Lilinguruma mtaa mzima, majirani wote walitoka nje.

Akaweka ufunguo mezani. "Ulifanya makusudi." Nikasema ndiyo. Akavaa miwani yake ya jua, akaondoka kwa miguu.

Siku hii nimeingoja miezi mitano. Utamu wake haukufika hata jioni.

Jumapili, 21 Julai

Nimevuka kwa pirogue, mtumbwi, kwenda kumwona Mama Mkwe. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Nilimkuta uani anachambua pondu, majani ya mihogo, nikakaa chini nikamsaidia. Hakunipa nafasi ya kuanza.

"Niliona siku ileile ya matanga," akasema. "Motokari iko chini hivi, haiwezi kupanda bac. Nikanyamaza. Nikakaa mbele makusudi, sababu niko muzito."

Tulicheka hadi majani yakamwagika. Tukayaokota, naye akaacha kucheka.

"Deo alikuwa mutoto yangu. Anselme pia iko mutoto yangu. Sasa inatosha, mwana."

Tuliendelea kuchambua. Ndani ya nyumba Anselme alikuwa anasogeza vitu, hakutoka mpaka niliposimama kuaga. Tukatazamana.

Sijamsamehe. Nilimwambia mbote, salamu tu, kwa ajili ya mama yake. Akaitikia.

Nilivuka na pirogue ya saa kumi. Mto ulikuwa umetulia.