Mafuta Yetu na Ini la Insaf

Zarzis, Tunisia
3 Desemba

Mpendwa mdogo wangu Zakia,

Baridi ya huko Lyon imekupokeaje mwaka huu? Kifua cha shemeji Bashir kimetulia? Sisi hatujambo. Zeituni zinavunwa na mgongo wangu unalalamika.

Nina jambo limenikaa kichwani. Unakumbuka binti yangu Insaf alivyokuwa akimwaga kahawa, nasi tukimtania kuwa mzembe? Mwaka huu akaanza kuanguka akinawa uso. Macho yakiwa wazi anasimama vizuri. Akiyafumba kwa ajili ya sabuni, chini. Nikawa namchunguza kama mpelelezi. Kwenye giza anapapasa ukuta, na maneno yamekuwa mazito mdomoni. Mama mkwe akafukiza ubani kufukuza kijicho. Mume wangu Lazhar akalaumu viatu.

Tukaenda hospitali Sfax. Daktari, mama mmoja mpole, akamgonga goti kwa kinyundo, mguu haukustuka hata kidogo. Damu ilipopimwa, vitamini E karibu haimo. Aliposema hiyo imejaa kwenye mafuta ya zeituni, Lazhar alichukia kweli.

"Daktari, sisi mkate tunauogesha mafuta kila asubuhi. Umechanganya damu za watu."

"Baba Insaf, kula anakula," akamjibu. "Ini lake ndilo haliibakizi vitamini hiyo mwilini."

Nikauliza maswali mpaka Lazhar akanikanyaga mguu. Kumbe ni kasoro ya kurithi: mama na baba huibeba bila kuugua, mtoto akiipata kwa wote wawili ndipo anaugua. Sasa Insaf anameza vidonge vikali vya vitamini hiyo, na atavimeza maisha yake yote. Hali haizidi kuharibika, ila kilichokwisha haribika huenda kisirudi chote. Hilo linaniuma sana.

Kisha daktari akauliza nani mwingine katika ukoo ameolewa na binamu. Zakia, mimi na wewe tumeolewa na ndugu wawili, wana wa shangazi yetu. Nikamkumbuka binti yako Rim mlipokuja kiangazi, akiosha nywele huku ameegemeza kiwiko ukutani. Tulisema ana madaha.

Huenda ni madaha kweli. Hata hivyo mpeleke apimwe damu, hata kama anatembea sawasawa, maana dawa ikiwahi, ugonjwa hauanzi.

Msalimie Bashir, na jirani yako Habiba. Mungu awafunike kwa rehema zake. Ukipiga simu, usinisalimu. Anza na Rim.

Dada yako anayekupenda na kukuwaza,
Mabruka