Boti Yangu kwa Muguu ya Ngombe

Mama Neema,

Nakusalimia wewe wa kwanza, kisha batoto, kisha Furaha ngombe yetu, hata kama siku hizi nasikia ngombe ndiyo inasalimiwaka ya kwanza kwa ile nyumba. Habari ya afya? Neema alimaliza kukohoa? Mimi mwili iko muzima, Mungu asifiwe. Roho ndiyo haiko muzima, na ni juu ya ile nakuandikia. Kwa simu nikisikia sauti yako nakasirika mbio, unité za simu zinaisha mbele ya maneno. Karatasi inavumiliaka. Dereva moja wa Beni anapita Kasindi kesho, yeye ndiye atakuletea hii barua.

Ulinieleza kama Furaha ilikanyaga musumari ya yale manjanja, mabati ya zamani tulitoaka juu ya jikoni. Ile iliniuma sana, juu unajua kazi yangu huku Uganda ni gani. Ngombe za patron, tajiri wangu wa kazi, zikitoka kukamuliwa, zinapita ndani ya maji ya dawa, na mimi nasimama pale naangalia ni gani inachechemea. Nafagia njia yao, naokota majiwe, nakata kwato zenye zimerefuka. Huku bananiita fundi wa miguu. Na ngombe yangu mwenyewe, moja tu, yenye tulitembea nayo toka Luofu mpaka Butembo, inachechemea kwetu, na mutu mwingine ndiye anaishika muguu.

Kakule mushona viatu. Tulikomaa naye, namujua. Mukono yake ni muzuri na mudomo yake ni muzuri kupita mukono. Neema, maskini, mutoto hajue kuficha, aliniambia kama Kakule anakuja mara tatu kwa juma, mama anashika kamba, Kakule anainama kwa muguu, na bote babili banacheka. Kisha anapewa bugali na sombe. Nikamuuliza anaikaliaka kiti gani. Akasema, ile yako papa.

Mais lakini chenye kilinichoma zaidi ni viatu yangu ya matope, zile boti nyeusi za mupira. Wewe ulifikiri nilizisahau pale nyuma ya mulango. Sikuzisahau. Mama yangu alinifundishaka kama mwanaume akienda mbali anaacha viatu yake mulangoni, mutu akiingia ajue hii nyumba iko na mwenyewe. Kakule anajua ile vizuri, mama yake alimufundisha vilevile. Na ndiye alikamata boti ya kuume, akaikata na kisu yake, akaishona kiatu ya ngombe. Butembo yote imejaa mipira ya pikipiki ya zamani, lakini yeye macho yake iliona boti yangu tu.

Unakumbuka namna nilipiga makelele siku ile uliniambia kwa simu. Nikasema umenitoa mu nyumba, umemupa mutu kibali cha kukata jina langu na kisu. Kisha ukasema pole pole: «Kasereka, boti yako ilikuwa inalinda mulango. Sasa inalinda ngombe. Wewe unalinda nini?» Na ukakata simu.

Ile ulizo nimelala nayo juma mbili. Sasa sikia kitu nilionaka haya kukuambia. Siku tatu za kwanza niliomba Furaha isipone kwa mukono ya Kakule. Mimi fundi wa miguu, niliomba ngombe yangu ibakie kilema, ili tu wewe uone kama Kakule hajue kitu. Wivu ni kitu mubaya, mama Neema. Asubui ya siku ya ine, ngombe moja ya patron ilikataa kutembea. Nikainua muguu, nikatoa jiwe katikati ya vidole, na yenyewe ikaegemeza kichwa kwa mugongo yangu, kama mutu amechoka. Nikaona haya mbele ya ngombe.

Na kwa audio yako ya mwisho ulisema kama ile boti imeanza kunuka. Pale wivu iliisha kidogo, woga ikaingia. Kakule anajua ngozi, lakini ngozi yenye anashona imekwisha kufa. Kwato iko hai, inataka hewa. Donc basi mumwambie aitoe leo leo. Mukoshe muguu na maji ya moto kidogo yenye chumvi, muangalie kama usaha iko natoka, mukaushe na kitambaa safi mbele ya kuivalisha tena. Atoboe boti chini, maji isilale ndani. Siku mbili zikipita, munatoa tena. Ikiwa muguu inavimba kupanda juu, hapana ngoja, uite veterinaire, munganga wa ngombe, hapana ule muchinjaji mwenye aliisha kukuuliza bei. Ngombe ikienda, maziwa ya batoto inaenda nayo, na sisi tunabakia na boti moja.

Kisha utafute sumaku ya radio ile yangu ilikufa, uifunge kwa fimbo, Neema aipitishe chini kila fasi ngombe inakanyaga. Misumari itajionyesha yenyewe. Na pale kwenye inakunywaka maji mumwage muchanga, majiwe yenye makali mutoe.

Unisalimie mama yangu kule Luofu, umwambie asiulize habari ya boti. Mukubwa wangu Kambale, mama mukwe, na ule jirani anatukopeshaka ndoo, bote. Kakule naye umusalimie. Umwambie wasingya, ile aksanti ya kwetu, natoa ndani ya roho, hata kama imetoka kwa nguvu. Bugali aendelee kupewa. Lakini kiti yangu uirudishe chumbani, yeye akalie kiti ya batoto.

Patron amekubali nirudie kisha mavuno ya mahindi. Ile boti ya kushoto hapana mutu aiguse, ibakie pale nyuma ya mulango. Nitakuja kuivaa na muguu moja. Ile ingine nitaenda kuiomba kwa Furaha.

Ni mimi bwana yako, mwenye kulinda ngombe za watu,

Kasereka