Nilivyotaka Kumkosesha Mideva Pikipiki ya Kiitaliano

Jumamosi jioni, Uthiru. Manyunyu hayajakatika tangu asubuhi, nguo nilizofua juzi bado ziko kwenye kamba, na mimi nina roho mbaya.

Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani hapa kuna habari za mwanamke mwema.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba nauza vipuri vya pikipiki River Road. Nimesimama nyuma ya ile kaunta miaka kumi na moja. Mtu akija na mlio wa pikipiki yake mdomoni, "Madam, inafanya krr-krr," namwambia inaumwa wapi kabla hajamaliza. Yangu mwenyewe ni ya Kihindi, ndogo, ile ile inayobeba mikate na kuku mji mzima. Sina neno nayo. Lakini tangu usichana nimetamani kitu kimoja: pikipiki ya mbio ya Kiitaliano, nyekundu, ile unayoilalia kifua juu ya tangi. Niliweka akiba, ikalipa karo. Nikaanza upya, ikaenda hospitali. Nikaanza tena. Sikuwahi kulalamika.

Mpaka Mideva aliponipigia simu.

Mideva ni rafiki yangu. Kwetu ni kijiji kimoja, Vihiga, na hapa Nairobi tunaimba kwaya moja. Miaka miwili iliyopita hakujua breki iko upande gani. Mimi ndiye niliyemfundisha, kwa pikipiki yangu, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya kanisa. Aliiangusha mara nne, nami nikanyoosha usukani mara nne. Sasa ana kazi nzuri katika ofisi moja mjini, na wiki mbili zilizopita akanipigia karibu anapiga kelele: "Siz, nimepata Mwitaliano! Red! Iko Jamhuri kwa mzee fulani. Siwezi buy kabla wewe uicheck. Wewe ndio masikio yangu."

Nyekundu. Rangi zote alizoumba Mungu, na akapata nyekundu.

Nikamwambia hongera. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Wivu unafichika vizuri sana, unavaa helmeti tu.

Sisi watu wa pikipiki tuna desturi yetu. Hakuna anayekwenda kununua pikipiki kuukuu peke yake. Unakwenda na mtu anayejua, na huyo anayejua hasifii kitu wala hazungumzi bei. Anazunguka, anainama, anagusa, huku mnunuzi akimtazama uso. Akiitikia kwa kichwa, mnakaa kuelewana. Akitikisa kichwa, mnaaga kwa heshima na kuondoka. Sababu haiulizwi mbele ya mwenye mali, maana ni kumvunjia heshima kwake.

Basi Jumamosi iliyopita tukaenda. Mwenye pikipiki ni Mzee Gurdev, mhandisi mstaafu, kilemba safi, magoti yamemkatalia. Tulikuwa tumemwomba asiiwashe kabla hatujafika, kwa sababu injini baridi haijui kudanganya. Niligusa, ilikuwa baridi. Akaifunua shuka, nami nikahisi njaa ya ghafla, njaa kabisa, ya tumboni. Hapakuwa na kutu, hapakuwa na tone la oili chini. Hata boliti za chini ambazo hakuna anayeziangalia zilikuwa zimepanguswa.

Akawasha. Ikaitika mara ya kwanza. Kisha akavuta klachi, na ikaanza ile kelele yake, kama sufuria iliyojaa misumari.

Mideva aliruka. "Uncle, hiyo ni nini inagonga hivyo?"

"Hiyo klachi tu, mtoto yangu," mzee akasema. "Yake ni kavu, haiogi ndani ya oili. Hizi zote naimba hivyo."

Alisema kweli tupu. Pikipiki nyingi za aina ile na za umri ule zinalia hivyo zikiwa na afya njema. Najua hilo kama ninavyojua jina langu. Mideva hakujua, na muuzaji angesema nini kingine? Akageuka kunitazama mimi.

Nikatikisa kichwa.

Sikutamka uongo hata mmoja. Ndiyo maana uliniponyoka kirahisi. Mzee alinitazama muda mrefu, na nadhani aliona kila kitu, lakini hakubishana. Alizima, akairudishia shuka polepole, akatuuliza kama tungekunywa chai. Aibu ya chai hiyo nitaibeba siku nyingi.

Kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile Mideva alikuwa amenivaa mimi. Alinipeleka Ngong Road akaninunulia sambusa za kunishukuru. Nilikula tatu. Zilikuwa tamu, na sitaki kudanganya kwamba zilinikwama.

Siku nne nilikuwa na furaha ya kweli. Niliimba dukani. Nilimpunguzia bei mteja ninayemchukia.

Kisha Jumatano, baada ya mazoezi ya kwaya, mchungaji akauliza kama kuna mwenye ushuhuda. Mideva akasimama. Mbele ya sauti zote nne akamshukuru Mungu kwa kumpa rafiki mwenye masikio, aliyemwokoa asinunue kifo. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa sauti ya pili akanikumbatia.

Hilo lilinishinda. Alhamisi nikampigia nikamweleza yote: klachi, kelele, kichwa changu, wivu wangu. Nilidhani atanitukana.

"So mimi nilisimama mbele ya watu nikakutolea ushuhuda," akasema. "Nitaichukua Sunday baada ya church. Na wewe usikuje."

Ningeweza kumalizia hapo na kujiita mkweli. Lakini kuna jambo nimelizunguka tangu nianze kuandika.

Jana mteja alikuja dukani kununua tairi, na kama kawaida nikamwonyesha zile tarakimu nne ubavuni, za wiki na mwaka wa kutengenezwa, ajue mpira wake si mzee. Ndipo nikakumbuka. Kule Jamhuri kwa mzee nilizisoma tarakimu hizo pia. Tairi za Mzee Gurdev zina zaidi ya miaka kumi. Kwa kuwa alikuwa akienda gurudwara tu, yaani kanisani kwao, na kurudi nyumbani, meno ya tairi hayajalika, na asiyejua ataapa ni mpya. Lakini nilizibonyeza kwa ukucha, na ukucha haukuingia. Mpira ukishakuwa mgumu kama mbao haushiki lami, na kwenye lami yenye maji ndiyo kabisa, tena pikipiki yenye nguvu zile.

Hiyo ndiyo kasoro ya kweli iliyo nayo pikipiki ile. Niliiona, nikanyamaza, kwa sababu tayari nilikuwa nimepata uongo wa kunitosha. Na Alhamisi nilikuwa na haraka ya kusamehewa, hata sikuikumbuka.

Nimempigia Mideva mara sita. Hashiki. Namba ya mzee anayo yeye peke yake. Nikamwandikia ujumbe mrefu kuhusu tairi, na adhuhuri leo akajibu: "Hizo tyre ni mpya, niliziona na macho yangu. Siz, wivu itakumaliza."

Ningekuwa yeye ningejibu hivyo hivyo. Miaka kumi na moja watu wananiamini kwa sikio tu, na sasa nina neno moja la kweli lenye kumwokoa mtu, na mtu huyo halitaki kwa sababu limetoka kwangu.

Leo nilizunguka maduka matatu hadi nikapata tairi mbili za saizi yake. Nimezinunua kwa ile akiba. Sitaki kulizungumzia.

Wala sijatakasika. Nikimwaza amekaa juu ya tangi lile jekundu, meno yananiuma. Nimeomba Mungu aniondolee, na mpaka saa hii hajaniondolea. Nadhani nitakwenda nao hivyo hivyo, mimi na wivu wangu, tumepakizana na tairi nyuma.

Ibada yetu inaisha saa sita na nusu. Saa sita kamili nitakuwa nimesimama getini kwa Mzee Gurdev, nilikokatazwa kufika. Nitamwomba mzee msamaha kwanza. Halafu Mideva atakuja, na atanitukana mbele yake na mbele ya majirani, na sitajibu kitu, na sitaondoka getini mpaka tairi zile za zamani zitolewe.

Anitukane atakavyo. Bora anitukane akiwa amesimama kwa miguu yake miwili.