Ndiyo ya Kwetu na Nguzo ya Kijani

Salelologa, Savaii, Samoa
9 Agosti 2023

Mpendwa Shangazi Ruta,

Hujambo na baridi ya Auckland? Kile kifua kimepona? Sisi hatujambo. Goti la Bibi bado linamsumbua, ila kwenda kanisani anatutangulia wote.

Kwenye barua yako uliniuliza, "Bado huongei darasani?" Nimechelewa kujibu kwa sababu kuna kosa nililofanya, na nilikuwa naona haya kukuandikia.

Mwalimu Faimata ametuandalia masomo ya hesabu kwenye kompyuta. Kwa kuwa mimi ni mkimya, alinipa kazi ya kuunganisha maswali na chati: mwanafunzi akibonyeza jibu, nguzo yake kwenye chati inapanda palepale. Swali la mwisho la somo la sehemu, zile nusu na robo, lilikuwa, "Hukuelewa?" Programu ni ya Kiingereza, nami nikawaza Kiingereza, ambacho "yes" ya swali kama hilo maana yake ni nimeelewa. "Ndiyo" nikaiunganisha na nguzo ya kijani, ya walioelewa. "Hapana" nikaipeleka kwenye nyekundu.

Wenzangu wakajibu Kisamoa: ndiyo, hatukuelewa. Kijani kikapanda hadi ishirini na saba, na darasa letu ni watu thelathini.

Mwalimu alivyofurahi, Shangazi. "Basi sehemu tumezimaliza. Mtihani Ijumaa."

Setefano, ninayekaa naye dawati moja, akaninong'oneza, "We Fua, tumeelewa lini? Mbona mimi sikualikwa?"

Sikucheka. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wale ishirini na saba. Nilitaka kunyamaza kama kawaida yangu, lakini darasa zima lingefeli kwa sababu yangu. Nikanyoosha mkono.

"Vipi, Fuatino? Kwani chati haiko sawa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haya, vizuri. Keti." Naye akaielewa kwa Kiingereza.

"Mwalimu," Setefano akadakia, "muulize kwanza: ndiyo ya kwetu au ya kompyuta?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akaitazama chati, kisha akatugeukia. "Na ninyi mlijibu ipi?"

"Ya kwetu."

Mtihani umesogezwa wiki mbili, na sehemu tumezianza upya. Swali nimelibadilisha, sasa linasema, "Umeelewa?" Jana kijani kilifika nne tu, na mimi simo. Lakini sasa chati inasema kweli.

Nisalimie binamu zangu Ioane na Tiresa. Mpira wa raga wa Ioane bado ninamtunzia. Mungu akulinde kazini na njiani.

Kuhusu swali lako la kama bado siongei, Shangazi: hapana. Na hapana hii ni ya kwetu.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye sana,
Fuatino