Talaka ya Safari ya Uroa

Mkunazini,
Unguja.
9 Machi, 1970

Mpendwa mjukuu wangu Mcha,

Asalaam alaykum. Marahaba, ingawa shikamoo yako sijaiona tangu ulipofika huko Tanga. U mzima? Kifua kimepoa? Sisi hatujambo, tunakula na tunalala. Naandika mwenyewe, kwa hivyo usicheke mwandiko, soma.

Siku unaondoka, kwa hasira zako na wakweo, ulisimama ukumbini ukamwambia mkeo mbele yetu sote: "Mwatima, ukikanyaga Uroa umeachika." Haya, mama yake kafa. Ulitaka mtoto wa watu asimzike mama yake? Mimi ndiye niliyemwambia nenda, na kanga ya kujifunika nkampa yangu.

Aliporudi nkampeleka kwa kadhi. Kadhi kaniuliza kama maneno yako niliyasikia mwenyewe. Nkamwambia, kwa masikio yote mawili. Kasema talaka imepita, lakini ni moja, ya rejea. Mkeo anakaa eda hapa hapa ulipomwacha, na chakula chake na nguo ni juu yako. Eda haijaisha, unaweza kumrejea kwa kutamka tu mbele ya mashahidi, bila mahari mapya. Ikisha, huna lako. Utaposa kama mgeni, naye akitaka atakukataa.

Juzi kaja dada yako Mashavu, ati umemtuma amchukue mwanao Sichana. Kasimama mlangoni, "Huyu keshaachwa, anakaa hapa kwa ndoa gani?" Nkamwambia, "Anakaa kwa eda. Wewe hapo mlangoni umekaa kwa lipi?" Kageuka na kikapu chake.

Mtoto wa miaka mitatu, hata pua hajui kupenga, unataka kumtoa kwa mama yake! Na hilo nilimuuliza kadhi. Mtoto yuko kwa mama, kumlisha na kumvisha ni kazi ya baba. Mke umemwacha, mtoto huachi.

Nimemuuliza Mwatima kama bado anakutaka. Kasema, "Bi, akinitaka aseme mwenyewe, asimtume Mashavu." Ndipo nkashika kalamu.

Eda ni tohara tatu, kila hedhi na kutoharika kwake; keshaona mbili, imebaki moja. Basi nenda msikitini, shika watu wawili wanaoswali, tamka kuwa umemrejea, kisha lete telegramu. Na usirudie kuifunga ndoa kwenye njia ya Uroa. Baba yake kabaki peke yake kule, mkeo atakwenda kumtazama kila akitaka.

Ukinyamaza, shauri yako. Nyumba ni yangu, Mwatima hatoki. Eda ikisha, wenye posa wakija nitawapikia kahawa, kisha nitawaongoza mwenyewe mpaka kwa baba yake, mchana kweupe.

Mjomba wako Mkubwa anakusalimu, na Bi Shemsa wa nyumba ya pili. Sichana kila akisikia hodi anakuita wewe.

Mungu akupe akili kabla ya riziki.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikikugombeza,
Biasha binti Mkadam