Fundi na Mkaguzi

Kwako dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, naamka. Nimechelewa kukujibu si kwa kukosa nafasi bali kwa kukosa pa kuanzia, maana uliniuliza swali moja tu: mwenzangu atakuja lini nyumbani kujitambulisha. Nitakujibu, ila nivumilie nizunguke kidogo kwanza.

Nilihamia kwake wiki ileile niliyoanza kazi kiwandani. Nilifika na sanduku na godoro, akacheka, akasema godoro likiingia basi cherehani italala nje. Mtaa mzima unamwita Fundi, nami humwita hivyohivyo. Nyumba yake ni chumba na sebule, ingawa hiyo sebule ilikuwa karakana: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, nguo za watu zimetundikwa kwenye kamba mpaka unapita umeinama. Tulikuwa tunakula juu ya meza hiyo baada ya kupangusa chaki. Pini zilinichoma nyayo hadi nikajifunza kuvaa kandambili ndani ya nyumba. Nilikuwa na furaha, dada. Hilo nataka ulijue kabla ya mengine. Si nilikusimulia tulivyojuana? Nilipeleka gauni, akanipima mabega, akasahau alichopima, ikabidi anipime tena.

Kiwanda chetu kinashona nguo za kuuzwa tayari, nami niliwekwa kwenye ukaguzi. Mshono ukipinda au kifungo kikilegea, naitoa nguo pembeni. Kule hakuna anayeshona shati; huyu anashona mikono, yule kola, mwingine mifuko, na mashati yanapita mbele yangu kutwa nzima. Mwanzoni Fundi alikuwa ananisubiri jioni nimsimulie. Alitaka kujua nani anashona matundu ya vifungo, nikamwambia ni mashine. Akasema mashine haina aibu, ndiyo maana inakwenda mbio.

Riziki yake kubwa ilikuwa sare za shule. Kila shule zikikaribia kufunguliwa, wazazi walijaa pale mlangoni na watoto wao. Safari hii hawakuja. Shule zilikuwa zimewaelekeza wanunue za dukani. Akaja mama mmoja tu, mteja wake wa siku nyingi, na sketi mpya ya bintiye, anaomba ipunguzwe kiuno. Fundi akaigeuza ndani nje, akautazama mshono, akasoma lebo. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi, nimesimama mlangoni na kitambulisho cha kazi shingoni, kina jina lilelile la kwenye lebo. Sketi zile nilikuwa nimezikagua kwa mikono yangu na sikuwahi kumwambia. Aliipunguza, akaipiga pasi, akaikunja vizuri, akamkabidhi mwenyewe.

Baada ya hapo zikabaki kazi za zipu na viraka. Akawa anaamka kabla yangu, anaketi kwenye cherehani isiyo na uzi. Vya nyumbani nikanunua mimi, naye akawa ananiambia asante kwa kila kitu, hata kwa chumvi. Ile asante ilinichosha kuliko ugomvi. Siku moja nikamshauri ajaribu kuomba kazi kwetu. Akanijibu kwamba hajui kushona mkono usio na shati. Nikayaacha.

Kisha kiwanda kikatangaza nafasi za washonaji. Wanaojaribiwa hupewa kola za kushona huku saa ikiwatazama ukutani, halafu msimamizi na mkaguzi wanawapitia mmoja mmoja. Siku hiyo mkaguzi nilikuwa mimi. Nilipoingia nikamwona Fundi kwenye mashine ya mwisho, amevaa lile shati analovaa kwenye sherehe za watu. Hakuwa ameniambia kama atakuja. Wenzake, wasichana wa rika la kitinda mimba wetu, walikuwa wamerundika kola kama wanatwanga. Yeye alikuwa nazo chache. Na zilikuwa nzuri, dada, ncha zimesimama kama zimechongwa. Moja alikuwa ameifumua ili aianze upya, katikati ya jaribio, hebu fikiria. Msimamizi akaziinua, akaguna, akasema mzee huyu anashonea makumbusho. Watu wakacheka.

Sasa nifike ninapopakimbia tangu nilipoanza kuandika. Kwetu ni marufuku watu wa nyumba moja kuwekwa mahali ambapo mmoja anaikagua kazi ya mwingine, na mimi nilikuwa bado niko kwenye miezi ya majaribio. Msimamizi aliona nimeganda. Akaniuliza, "Unamfahamu huyu?"

Nikasema, "Hapana, simfahamu."

Fundi alikuwa karibu kiasi cha kunigusa. Aliinua macho, akanitazama, kisha akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyetajiwa kipimo na kukishika. Msimamizi akasema hafai, nami nikatia saini kwamba hafai. Halafu, sijui kwa huruma au kwa mzaha, akamwambia kuna kazi ya kufagia vipande vya vitambaa kama anaitaka. Nilijua atakataa. Akaitaka.

Basi ndiyo maisha yetu sasa. Kutwa anapita chini ya meza yangu na fagio. Hanisalimu. Tunatokea lango moja, mimi mbele, yeye nyuma. Jioni ile ya kwanza nilipiga magoti kumwomba radhi, nikidhani tutagombana, tutalia, yaishe. Aliniinua kwa upole, akaniambia, "Usijali, Mkaguzi. Umefanya kazi yako." Tangu siku hiyo hilo ndilo jina langu, hata taa ikizimwa. Cherehani ameiuza bila kuniuliza. Sebule sasa ni sebule kweli, tunaweza hata kunyoosha miguu, na hatuna la kuzungumza ndani yake.

Kwa hiyo, dada, hatakuja. Nilimfikishia swali lako, akauliza ataenda kujitambulisha kama nani. Nimewahi kufunga sanduku langu akiwa ananitazama. Hakunizuia wala hakunisaidia, nikalifungua tena mwenyewe. Kuondoka ni kumwacha na fagio peke yake. Kubaki ni huku ninakokueleza. Usiniandikie kwamba yatapita. Nilimwangalia usoni pale kiwandani, na kazi yangu ni kujua kipi kinarekebishika na kipi cha kutupwa.

Nisalimie shemeji na watoto, na jirani zetu wote wanaoniulizia. Mama mwambie kazi zimetubana, tunangoja likizo. Ukiona ameamini, usinieleze.

Ni mimi,
mdogo wako akupendaye