Wenye Damu Wawili

Ibra, 16 Januari 2000

Mwanangu Himid,

Nakusalimu salamu za mama ambaye hana tena wa kumwamsha alfajiri. Baridi ya huko inakuacha ulale? Kifua chako vipi? Mimi mzima, alhamdulillah, ila goti linaniuma nikisujudu.

Jana kadhi ametoa hukumu. Imethibiti kwamba Marzouq alimwua nduguyo kwa makusudi. Kadhi akanieleza polepole, maana Kiarabu changu cha mahkamani si kizuri. Nasr hakuacha mke wala mtoto, na baba yenu katangulia, basi wenye damu ni wawili, mimi na wewe. Sote tukitaka kisasi, Marzouq atapigwa risasi. Akisamehe mmoja wetu, hata mmoja tu, kisasi kinaanguka, naye atakaa jela miaka.

Akaniuliza mbele ya watu nataka nini. Nikasema nataka auawe. Nilisema taratibu, kama mtu anayeagiza unga dukani, nami mwenyewe nikastaajabu.

Siku ile hatujapata kuizungumza, maana ulikuja jioni kutoka Maskati ukamkuta nduguyo keshazikwa. Walikuwa kwenye habta, soko la mifugo la kabla ya Idi, wanaume wote na majambia viunoni. Nasr alikuwa akipatana bei ya mbuzi. Marzouq akamcheka Kiarabu chake, akamwambia, "Rudi Zinjibari ukale nazi." Nduguyo akamjibu, "Nazi ina maji ndani. Kichwa chako kina nini?" Watu wakacheka, mpaka wazee. Marzouq akachomoa jambia, akamtia la tumbo, akalivuta juu. Naye ni mtoto tuliyemwona akizaliwa, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nasr alishika tumbo lake kwa mikono miwili, akakaa chini kama mtu aliyechoka.

Kanzu yake nimeifua, doa halitoki. Na wali nikipika bado naukwangua ukoko nauweka kwenye sahani, nangoja wewe naye muugombanie.

Bi Badriya, mamake Marzouq, anakuja kila alasiri kukaa kizingitini kwangu. Nami simkaribishi.

Kadhi anataka neno lako kwa maandishi, lenye mashahidi na muhuri wa ubalozi. Uandike upesi, ili nduguyo apumzike.

Wako akupendaye,
Mamako


Almeria, 2 Februari 2000

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imenifika leo, nimeisoma nimesimama mlangoni. Pole na goti, ulikande kwa mafuta ya simsim kabla ya kulala. Mimi kifua hakijambo. Mwenye nyumba wangu, bibi mjane, kwa vile sili nguruwe ananipikia mayai asubuhi na jioni. Karibu nitawika.

Masomo yanakwenda. Huku kusini mwa Ulaya mvua haba kama kwetu, lakini wamefunika nchi nzima kwa plastiki, na chini yake kuna nyanya na pilipili mpaka jicho linachoka. Wanatufundisha kumpa mche maji tone kwa tone. Kazi ya kuchuma wanaifanya watu wa Maghribi, Waislamu wa Afrika ya kaskazini, wanalala kwenye vibanda kandokando ya mashamba. Wenyeji wanawaita "moro", tusi lao kwa watu hao, na mimi kwa rangi yangu na jina langu wamenitia humo humo. Wiki iliyopita mtu alinitemea mate kwenye kituo cha basi. Nikajifuta, nikapanda basi lilelile pamoja naye.

Mama, kuhusu Marzouq sina la kufikiri. Namwona kila usiku. Ningekuwapo habta, wangezikwa wawili siku ile. Andika kwa kadhi kwamba mimi na wewe neno letu ni moja. Jumatatu ijayo nitakwenda ubalozini kutia sahihi. Kabla ya hapo nina kazi ya chuo kwenye shamba moja, kupima maji, na nitalala huko kwa Hamed, rafiki yangu wa Maghribi.

Nikisikia amepigwa risasi, nitalala.

Mwanao,
Himid


Almeria, 14 Februari 2000

Mama,

Shikamoo. Usishtuke na mwandiko, nimefungwa vidole viwili. Naomba uwe mzima. Barua hii uisome peke yako, tena umekaa.

Jumamosi ya tarehe tano nilipokuwa kwa Hamed, mtu mmoja wa Maghribi alimchoma kisu msichana mwenyeji sokoni, akafa. Huyo mtu walimkamata palepale. Lakini kufika jioni mji mzima ulikuwa njiani na vyuma, marungu na mapanga ya kufyekea nyasi, wanatafuta yeyote mwenye sura kama zetu. Walipindua magari wakayatia moto. Duka la nyama halali walilivunja, mwenye duka wakamburura kwa ndevu. Msikitini waliingia na viatu, wakachana misahafu. Nilimwona mzee akipigwa fimbo za magoti mpaka yakakunjika upande usiokunjika. Waliokuwa wakipiga nawajua kwa sura. Mmoja huuza mikate karibu na chuo.

Sisi tulikimbilia chumba cha pampu, watu kumi na kitu, tukazima taa. Tukasikia wakivichoma vibanda, kimoja baada ya kimoja. Plastiki ikiungua inadondoka kama mvua ya moto. Asubuhi walikuja tena. Kijana mmoja, rika langu, alipanda juu ya paa la shamba atuangalie, plastiki ikachanika, akatuangukia mbele ya mlango. Wenziwe walikuwa mbali.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumfikia. Nilikuwa na bomba la chuma. Mama, nilimpiga. Nilimvunja mkono aliouinua, kisha nikampiga taya, nikayaona meno yake yakitoka na damu. Alikuwa keshaacha kujikinga nami bado napiga. Sikuwa nampiga yeye. Kila pigo nilikuwa nampiga Marzouq, na kila pigo lilikuwa halimfiki. Mkono haukushiba. Hata mwili wake ungekuwa umebaki unga, mkono ungetaka zaidi.

Hamed alinikalia kifuani, ndipo nikaacha. Akaniambia, "Wewe msomi, unataka watuchome wote?" Kisha akavua shati lake akamfunga yule kijana taya. Yeye na mwingine wetu wakambeba mpaka barabarani, wakamwacha panapoonekana. Yuko hospitali, hai. Nani alimpiga hajasema, au hawezi kusema.

Alhamisi nilikwenda ubalozini. Njia nzima nilikuwa na nia ileile niliyokuandikia. Ofisa mmoja akaniwekea karatasi, akaniuliza nachagua lipi. Nikaona ule mkono wangu unaipokea kalamu kwa hamu, kama ulivyolipokea lile bomba. Niliuogopa.

Nimesamehe, mama. Nimetia sahihi, mashahidi wawili wametia zao, na karatasi imekwenda kwa kadhi. Najua kwa hili nimekunyang'anya ulilolitaka. Sikukuuliza kwa sababu ungekataa, na ungekataa ningekutii.

Nijibu, hata kwa kunitukana.

Mwanao,
Himid


Almeria, 30 Machi 2000

Mama yangu,

Shikamoo. Idi imepita bila barua yako. Nilipiga simu kwa Bi Shukriya jirani, akasema u mzima lakini umekataa kuja kuisikiliza. Vidole vimepona. Wenyeji wanawataka tena watu wa Maghribi mashambani, maana nyanya zinaoza, na mwuza mikate ananisalimu kama hakuna kilichotokea. Nami naitikia.

Siombi radhi zako leo. Naomba habari zako tu.

Himid


Ibra, 9 Juni 2000

Himid,

Marahaba. Mimi mzima. Joto limeingia, mitende inazaa vizuri mwaka huu. Barua zako zote zimefika.

Lile neno lako nilianza kulisikia mahkamani, kabla ya barua yako kwangu. Kadhi alisoma jina lako na sahihi yako. Mjomba wake Marzouq alilia kwa sauti. Mimi niliinuka nikaenda zangu nyumbani, nikapika kahawa, maana Shukriya na wenziwe walikuwa wanakuja kunituliza.

Badriya akaingia mbio, hana viatu, akaniangukia miguuni. Akasema, "Ya Khole, Mungu akuhifadhie Himid." Nilikuwa nimeshika dele, lile la shaba la bibi yenu, limejaa kahawa inayochemka. Nilimpiga nalo kichwani. Kahawa ikamwagika shingoni mwake, nikampiga tena. Mkono huu uliowalisheni. Aliinamisha kichwa kama mtu anayemiminiwa maji ya kuoga, hakuinua hata kiganja, na hilo likanizidisha. Sijui ningeachia wapi. Shukriya alinishika nywele akanivuta nyuma.

Paji la uso lilipasuka, mfupa ukaonekana. Sikio na shingo vimeungua, ngozi ilitoka na shungi. Tulimpeleka hospitali, nami nilikuwa kando yake kwenye gari, nimemkandamiza kitambaa. Askari akamwuliza kimempata nini. Akamjibu, "Nimeteleza kwa Khole, sakafu ilikuwa imelowa, nikaangukia jiko." Askari akanitazama mimi. Nikauacha uwongo wake unisitiri, Himid.

Sasa hakai tena kizingitini. Namwingiza ndani, namtia dawa shingoni, nammiminia kahawa. Juzi aliniuliza Nasr alikuwa akipenda kula nini, nikamwambia.

Uliyoniandikia ya chumba cha pampu nayajua sasa bila kuambiwa. Lakini sijakusamehe, na sitakudanganya kwa sababu uko mbali. Damu ilikuwa yetu wawili. Sheria ilikupa haki ya kuamua peke yako, na mimi mamako hukunipa hata siku moja ya kulia mbele yako kwanza. Hilo liko kifuani, halishuki.

Likizo hii usije. Nikikuona sasa nitatamka neno litakalobaki baina yetu mpaka kufa, na mtoto nimebakiwa na mmoja. Maliza masomo. Mwakani, Mungu akipenda, nitakuandikia uje.

Yule kijana uliyemvunja taya, mtafute. Ukamwone mamake kama yupo, na akikupiga, usijikinge.

Mpaka hapo, ukisali, nikumbuke.

Mamako,
Khole